Kiatu cha Kushoto cha Mzee Barua

Kila asubuhi fundi viatu alisikia maneno yaleyale kutoka chumba cha nyuma.

"Leo barua ni nyingi," kaka yake alisema.

"Basi usichelewe, kaka," fundi alijibu. Hakuinua kichwa. Mdomoni alikuwa ameshikilia misumari mitatu midogo.

Barua hazikuwepo. Kaka alikuwa amestaafu kazi ya kupeleka barua miaka kumi na moja iliyopita. Lakini miguu yake haikustaafu. Kila siku alipita njia zake za zamani: maduka, shule, hospitali, kiwanda cha sabuni, stendi ya mabasi. Saa sita alirudi kula. Watu wa mtaa walimwita Mzee Barua, naye aliitika.

Siku hizi Mzee Barua alikuwa anasahau. Alisahau mwaka. Alisahau kama amekula. Njia zake tu ndizo hakuzisahau, kwa hiyo fundi hakuwa na wasiwasi.

Walikuwa wawili tu. Mke wa fundi alifariki zamani, na hawakujaliwa watoto. Kaka hakuoa kabisa. Alikuwa akisema posta imemwoa yeye. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Chumba cha nyuma kilikuwa na vitanda viwili, meza, na sahani mbili za bati.

Fundi alikuwa mtu wa kuinama. Kwa miaka arobaini alikuwa ametazama miguu ya watu. Aliwajua wateja kwa visigino. Huyu anakanyagia nje. Huyu anaburuta mguu. Huyu ana haraka, ncha za viatu vyake hazimalizi mwezi. Ukimuuliza sura zao, hakuwa na jibu. Wala hakuwa msemaji. Mteja alileta kiatu, fundi alitaja siku, mteja akaenda zake.

Jumanne moja saa sita ilifika, na Mzee Barua hakurudi.

Fundi alipakua chakula katika sahani mbili, akaifunika moja. Saa nane akaifunua, akaitazama, akaifunika tena. Saa tisa alivua aproni akaenda mpaka makutano ya barabara. Pale alisimama polisi aliyeongoza magari, mtu mmoja mrefu ambaye buti zake zilikuja kwa fundi kila baada ya miezi mitatu.

Lori lilikuwa limeharibika katikati ya njia. Polisi alikuwa anatoa jasho.

"Afande," fundi alisema, "ukimwona kaka yangu akipita hapa, mwambie arudi nyumbani."

"Sawa, fundi. Nikimwona nitamwambia," polisi alisema, akageukia lori.

Fundi alirudi nyumbani akiwa ametua mzigo. Aliwaza hivi: polisi ni polisi. Sare ni moja. Nimemwambia mmoja, basi wote wameambiwa. Sasa kazi yangu ni kungoja.

Akangoja.

Jumatano alingoja. Alhamisi alingoja. Wateja waliingia wakatoka. Hakuna aliyemuuliza neno, kwa kuwa hakuwahi kumzoeza mtu kumuuliza neno. Jioni alikaa katika chumba cha nyuma na kusikiliza njia. Kaka yake alikuwa na mwendo wake: hatua moja nyepesi, hatua moja nzito. Tap, dum. Tap, dum. Wapita njia walipita kwa miendo yote, ila huo haukupita. Chumba ambacho awali kilimbana kwa vitanda viwili sasa kilimpwaya kama kiatu cha kuazima.

Ijumaa alikuta amepakua sahani mbili bila kujua. Akala ya kwake. Ya pili akaiacha imefunikwa mpaka asubuhi.

Jumamosi aliingia jirani wa mlango wa tatu. Alikuwa mama mmoja mstaafu wa polisi. Sasa alifuga kuku na kuvaa kanga, lakini mtaa mzima bado ulimwita Sajini, na alitembea kama anakagua gwaride. Alikuja kuchukua mkoba wake.

"Mkoba wangu umepona?"

"Mshipi tu bado."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa mshipi tu bado. Huo mshipi unaushona au unaulea?" Sajini akatazama huku na huku. "Mzee Barua yuko wapi? Siku hizi sisikii mwendo wake. Kuku wangu wenyewe wamekosa saa."

Fundi aliendelea kutoboa ngozi. Sindano ikamchoma kidole.

"Hajarudi," akasema.

"Hajarudi tangu lini?"

"Jumanne."

Sajini alivuta kigoda akakaa. Hakukaribishwa, na hakungoja kukaribishwa.

"Leo Jumamosi, jirani. Umemwambia nani?"

"Serikali."

"Serikali ni kubwa. Umemwambia nani?"

"Yule polisi wa makutano. Nilimwambia siku ileile."

"Alikuandikia kitu? Alikupa namba?"

"Aliniambia akimwona atamwambia."

Fundi alidhani Sajini atacheka. Sajini hakucheka.

"Niazime zana zako," alisema. Akanyoosha mkono akachukua nyundo mezani. "Hii unashonea?"

"Nyundo? Nitashoneaje kwa nyundo?"

"Na hiyo sindano unagongomelea misumari?"

"Sajini, umekuja kunichezea?"

"Nimekuja kuchukua mkoba. Sikiliza. Polisi ni jeshi moja, nchi nzima, lakini ndani yake kuna kazi nyingi, kama zana zako. Yule wa makutano ni wa usalama barabarani. Kazi yake ni magari, ajali, watu wavuke salama. Wako wa doria, wanaozunguka mitaani kuzuia uhalifu kabla haujatokea. Wako wapelelezi, wanaotafuta ukweli wa jambo likishatokea. Yuko polisi wa kata, anayekaa na wananchi kusikia shida zao. Na yuko askari wa kaunta kituoni, mchana na usiku. Huyo ndiye mlango. Neno lako likishaandikwa katika daftari lake, linakuwa na miguu. Lisipoandikwa, linabaki hapohapo uliposimama."

"Na yeye mbona hakuniambia niende kituoni?"

"Hilo ni kosa lake. Angekuambia. Lakini wewe ulimwambia ndugu yako amepotea, au ulimpa salamu ampelekee?"

Fundi alikumbuka maneno yake mwenyewe. *Mwambie arudi nyumbani.*

"Watu wanasema mtu mzima lazima apotee siku mbili kwanza ndipo polisi wakusikilize," alisema.

"Wanasema. Mimi nilikaa kaunta miaka ishirini na sijaiona hiyo sheria. Mzee anayesahau akikosekana saa moja, unakwenda saa hiyohiyo."

"Na wataniuliza nilimfanya nini."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, na Sajini aliuona. Alirudisha nyundo mahali pake.

"Watakuuliza, ndiyo. Kuuliza ndiyo kazi yao. Kuulizwa si kushitakiwa, jirani. Na hata kushitakiwa si kuhukumiwa. Polisi hahukumu mtu. Anakusanya ushahidi, anaupeleka mahakamani, hakimu ndiye anayeamua. Sasa vaa shati. Kama una picha yake, ibebe."

Picha hazikuwepo. Fundi alipekua sanduku lote akapata kitambulisho cha kazi cha kaka yake, cha miaka thelathini nyuma. Kijana mwembamba mwenye kofia alimtazama kama mtu asiyemjua.

Kituo kilikuwa nyuma ya soko, jengo la chini lenye rangi iliyobanduka. Fundi alikuwa amepita mbele yake maisha yake yote, upande wa pili wa barabara. Leo alivuka.

Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa wa maandishi. Fundi alijua kusoma. Utoto haukumpa shule. Alifundishwa na kaka yake ukubwani, kwa kusoma anwani juu ya bahasha, jioni baada ya jioni. Alisimama akausoma ubao huo, kidole kikitembea. Juu kabisa: Mkuu wa Jeshi la Polisi, Makao Makuu. Chini yake mikoa. Chini ya kila mkoa, wilaya. Chini ya wilaya, vituo.

"Na sisi tuko wapi?" alimnong'oneza Sajini.

"Chini kabisa. Ndipo kila kitu kinapoanzia."

Chini ya ubao kulikuwa na maneno mengine: *Kutoa taarifa ni bure. Ukiombwa malipo, mwone mkuu wa kituo.* Fundi aliyasoma mara mbili.

Askari wa kaunta alikuwa binti mwenye miwani. Aliinuka kidogo kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu.

"Niwasaidie nini?"

Fundi alifungua mdomo. Halafu akasema kitu ambacho hakuwa amekisema kwa mtu yeyote siku tano, hata kwa nafsi yake.

"Kaka yangu amepotea."

Binti alifungua daftari kubwa. Aliuliza jina, umri, siku, saa, mahali anapopendelea kwenda. Fundi alijibu vizuri. Aliuliza kama anaumwa. Fundi alieleza habari za kusahau.

"Sura yake, baba. Ana ndevu?"

Fundi alitafuta kichwani. Alimwona kaka yake anatoka mlangoni. Aliiona suruali, kiraka cha goti, viatu. Juu ya hapo palikuwa na ukungu.

"Alikuwa na ndevu," alisema. "Sijui kama amezinyoa."

"Masharubu?"

"Pengine."

"Ana alama usoni? Kovu, baka, kidoti?"

Sajini aliangalia dirishani, kwa heshima.

"Ninaishi naye chumba kimoja," fundi alisema polepole. "Nimelala naye chumba kimoja miaka kumi na minne. Sijui, mwanangu. Sijui ana nini usoni."

Binti hakumcheka wala hakumwonea shaka. Aliweka kalamu chini.

"Basi niambie unachokijua. Ana kitu gani ambacho mtu mwingine hana?"

"Viatu," fundi alisema.

"Viatu vya aina gani?"

Ndipo fundi, ambaye mtaa ulimjua kama bubu, alipoanza kusema. Alisema mguu wa kushoto ulivunjika utotoni ukaunga vibaya. Ni mfupi kwa upana wa vidole viwili. Kwa hiyo kiatu cha kushoto kina soli ya tabaka tatu: ngozi, mpira wa gurudumu, ngozi tena. Kimeshonwa kwa mkono, mishono miwili pembezoni. Wa nje ni uzi mweusi. Wa ndani ni mwekundu, sababu siku ile mweusi ulikwisha na kaka hakutaka kungoja, alisema barua zitachelewa. Kisigino kimelika upande wa ndani. Mashimo ya kamba ni matano kulia, manne kushoto, moja lilichanika likazibwa.

Binti aliandika yote. Aliandika ukurasa mzima na nusu ya pili. Kisha akamgeuzia.

"Soma, baba, kabla hujatia sahihi. Kama kuna nilipokosea, niambie."

Fundi alisoma mstari kwa mstari. Watu wawili waliokuwa nyuma yake walijikohoza. Sajini aliwageukia akawatazama, wakaacha kukohoa. Kwenye mashimo ya kamba binti alikuwa ameandika matano kushoto. Fundi alimwonyesha. Binti akarekebisha, wakatia sahihi wote wawili. Kisha akampa karatasi ndogo yenye namba ya taarifa na jina la mpelelezi atakayeshika jambo hilo.

"Na sasa?" fundi aliuliza.

"Sasa mpelelezi atapita njia zake zote, ataanza na stendi. Na hii," aligusa ukurasa, "itakwenda wilayani, mkoani, makao makuu, na kutoka huko itashuka vituo vyote vya nchi. Kila kituo kitauliza hospitali zake. Ukikumbuka lolote, njoo na namba hiyo."

Kabla ya kufikia mlango, fundi aligeuka.

"Vituo vyote vitasoma habari za kiatu?"

"Vyote, baba."

Jumapili ilikuwa ndefu. Sajini alileta mayai mawili akaondoka. Fundi alikaa karakanani na karatasi ya namba mbele yake. Kungoja kulikuwa kulekule, lakini sasa kulikuwa na mtu mwingine mahali fulani anayengoja pamoja naye. Mteja mmoja aliingia. Fundi aliinua kichwa akamtazama usoni. Mteja alipangusa mashavu, akidhani ana uchafu.

Jumatatu asubuhi mpelelezi alifika. Alikuwa mfupi, bila sare, amevaa viatu vya kahawia vilivyolika ncha. Alimwonyesha fundi kitambulisho chake cha kazi kwanza. Fundi alikisoma.

"Mzee, kaa," alisema mpelelezi.

Fundi alikuwa amekaa tayari.

"Yuko hai," mpelelezi aliongeza haraka. "Samahani, ningeanza na hilo. Yuko hai."

Akaeleza. Jumanne ile Mzee Barua alifika stendi, akapanda basi la mbali. Alimwambia kondakta anasindikiza magunia ya barua, kama alivyofanya ujanani. Alikuwa amevaa shati safi, akisema kwa uhakika. Kondakta alimheshimu, akampa kiti. Alishushwa mji wa mkoa wa nne kutoka hapa. Jumatano alfajiri polisi wa doria walimkuta karibu na posta ya huko, ana homa, hajui jina lake. Wakampeleka hospitali, na askari wa kule aliandika katika daftari lake vyote alivyovaa.

"Aliandika nini?" fundi aliuliza.

Mpelelezi alifungua karatasi akasoma: "Kiatu cha kushoto soli imeinuliwa, uzi mwekundu kwa ndani."

Fundi alitazama mikono yake.

"Jumatano," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kule walikuwa naye tangu Jumatano. Na mimi hapa."

Mpelelezi hakutaka kumuumiza, lakini hakutaka kumdanganya pia. "Wao walikuwa na mtu bila jina, mzee. Wewe ulikuwa na jina bila mtu. Mngeunganishwa siku ileile. Na yule mwenzetu wa makutano ameambiwa. Ilibidi akuelekeze kituoni. Anakuja kukuomba radhi mwenyewe."

Kesho yake fundi alisafiri. Sajini alibaki kulinda karakana na kuushona mshipi wa mkoba wake kwa mikono yake, akilalamika.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na sita. Kwenye kadi ya kitanda cha mwisho paliandikwa: *Hajulikani*. Wauguzi walikuwa wamembandika jina, Mzee Jumatano, kwa siku aliyoletwa. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa sawasawa, kushoto na kulia.

Fundi aliviona viatu kwanza. Kisha akajilazimisha kuinua kichwa.

Kaka hakuwa na ndevu. Alikuwa na masharubu meupe membamba. Chini ya nyusi ya kushoto palikuwa na kidoti cheusi, kidogo kama kichwa cha msumari. Na macho yale yalikuwa ya mama yao. Fundi alisimama akayatazama mpaka muuguzi akamletea kiti.

"Wewe ni wa posta?" kaka aliuliza.

"Hapana. Mimi ni fundi viatu."

"Ah," kaka alisema kwa adabu, na akageukia dirisha.

Walirudi nyumbani siku ya tatu. Homa ilikwisha. Kumbukumbu haikurudi, na daktari alisema haitarudi.

Fundi alifanya mambo machache. Ndani ya ulimi wa kila kiatu cha kaka alishona kipande cha ngozi chenye jina, namba ya simu ya karakana, na jina la kituo cha polisi. Alipiga naye picha mpya. Alimwendea polisi wa kata, nakala moja ya picha ikawekwa kituoni, na polisi wa doria wakaonyeshwa njia za Mzee Barua. Makondakta wa stendi nao wakaambiwa. Polisi wa makutano alikuja, akasimama mlangoni bila kujua aweke wapi kofia yake. Fundi alimwambia, "Ingia, afande. Leta na hizo buti." Sasa kila asubuhi polisi huyo anamvusha Mzee Barua mwenyewe, na asipomwona kufikia saa sita, hangoji kuambiwa.

Watu walisikia. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma alileta viatu vya baba mkwe wake. Mwingine akaleta vya mumewe. Fundi aliwashonea wote kipande cha ngozi, na kila mmoja alimwambia maneno yaleyale: akikosekana, nenda kituoni saa hiyohiyo, hakikisha imeandikwa, soma, chukua namba.

Kisha alihamisha meza yake ya kazi. Miaka yote ilitazama ukuta. Sasa inatazama kiti cha kaka.

Jioni moja Mzee Barua alikaa pale, mguu juu ya goti, akipapasa uzi mwekundu.

"Fundi," alisema.

"Naam."

"Viatu hivi vimeshonwa vizuri. Nani alinishonea?"

Fundi alitoa misumari mdomoni. Aliinua kichwa.

"Mdogo wako."

"Nina mdogo wangu?"

"Unaye."

Kaka alifikiri. Njiani watu walikuwa wanapita, kila mmoja na mwendo wake.

"Ni mtu mzuri?"

"Anajitahidi," fundi alisema, akimtazama usoni.

"Ukimwona," kaka alisema, "mwambie aje nyumbani."